Konyeza Kumi na Mmoja

Damari binti Lazaro wa Kintinku alikuwa na ulimi ambao watu walitoka mbali kuutafuta. Sina maana ya ulimi wa maneno, ingawa na huo alikuwa nao wa kutosha. Nina maana ya ulimi wenyewe, ule wa mdomoni. Ulikuwa ukimpa chembe ya chumvi anaiweka kwenye ncha ya ulimi, anafumba macho, kisha anakuambia imetoka wapi. Hii ya Bahi. Hii ya mbuga yetu, upande wa reli. Hii ya dukani, imekuja na treni. Hii imechanganywa na majivu, na aliyeichanganya aone haya. Sikumsikia akikosea hata mara moja, na mimi nilikuwa namtegea makusudi, kwa sababu sipendi mtu anayepatia kila siku.

Kila kiangazi, mbuga ikishakauka na kuacha ule weupe juu ya udongo, alikwenda na wenzake kukwangua. Udongo ule waliutia kwenye chungu kilichotobolewa chini, wakamwagia maji, yakachuruzika, wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki. Wanawake wengine walionja maji yale mara moja wakaridhika. Damari alionja mara saba, akicheka katikati ya kila mwonjo, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko chake kilianza tumboni, kikapanda polepole, na kikifika juu mbuzi wa jirani walikimbia.

Mimi ni Selina, nilikuwa mwalimu wake. Ilikuwa mwaka wa 1974, tumeshakusanywa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na kila mtu mzima ametakiwa ajue kusoma na kuandika. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo nilipewa ubao, boksi la chaki na ghala la ushirika lililobaki na magunia machache tu, nikaambiwa nifundishe. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliamini kabisa kwamba hakuna neno la Kiswahili nisilolijua. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Damari alikuja kisomoni kwa sababu moja tu, na sababu hiyo iliitwa Antipasi. Alikuwa mchumba wake. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, Antipasi alipanda treni akaenda pwani kutafuta kazi, na makubaliano yalikuwa kwamba akirudi watafunga ndoa. Barua zake zilikuja na treni, na aliyezisoma alikuwa karani wa stesheni. Karani yule alisoma kwa sauti ya kanisani, akikohoa kila penye neno la mapenzi, na abiria, wabeba mizigo na wauza karanga walikaa kimya kusikiliza. Siku moja barua ilisema, "Nakukumbuka hasa nikila mlenda." Kwa mwezi mzima Damari hakuweza kupita sokoni bila mtu kumuuliza mlenda ukoje.

Ndipo akaapa kwamba atajisomea mwenyewe. Jamani, alivyojifunza yule dada! Aliandika herufi kwa kijiti kwenye udongo wa mbuga, kwa mkaa kwenye chungu, kwa kidole kwenye unga. Kwa miezi minane akawa anasoma. Barua iliyofuata ilipofika, aliichukua kwa karani bila kuifungua, akaja nayo mbio mpaka ghalani, akasimama mbele ya darasa zima. Alitaka tumsikie akisoma barua ya kwanza maishani mwake. Nilijaa fahari mpaka machozi yakanilenga.

"Mpenzi Damari," akasoma, kidole chake kikifuata mstari. "Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Nimeacha kazi ya mkonge. Nimepata kazi nzuri kwa Bwana Kefa, mtaalamu. Kazi yetu ni konyeza."

Akarudisha kidole nyuma. Akarudia. "Konyeza."

"Konyeza ndiyo nini, mwalimu?" aliuliza Mama Ignas. Alikuwa mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, mama mwenye sauti, anayekalia gunia la mtama peke yake.

Nyuso thelathini zikanigeukia. Mwalimu mwenye akili angesema, sijui, nitauliza. Mimi nilichukua chaki. Nikaandika ubaoni: KUKONYEZA. Nikaeleza kwamba ni kufumba jicho moja na kumwita mtu kwa siri, na nikawaonyesha jinsi linavyofumbwa. Basi konyeza, nikasema, ni mwanamke anayefanya kazi hiyo. Watu wa pwani hufupisha maneno, nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo na chaki mkononi.

Watu wakasogeza magunia karibu.

"Endelea, mwanangu," akasema Mama Ignas, akijiweka vizuri juu ya gunia.

Damari akaendelea. Hakuweza kuacha, maana alikuwa bado ana furaha ya kusoma hata pale alipoanza kuelewa anachosoma.

"Kila asubuhi tunawafuata, tunawatazama, tunawahesabu. Sikujua kwamba duniani kuna konyeza wa namna nyingi hivi. Mpaka sasa mimi mwenyewe nimeshapata aina kumi na moja. Kuna mmoja mweupe, mviringo, laini sana, ana pete nne, na mwili wake unauona mpaka ndani."

"Mpaka ndani!" alisema mtu.

"Huyo ni mpole. Kuna mwingine anakaa kwenye mikoko. Huyo analala chali, miguu juu, mchana kutwa, hana habari na mtu."

Mama Ignas alishika kichwa. Wanawake wa safu ya nyuma walianza kucheka kwa chini chini, kile kicheko cha kuziba mdomo na khanga ambacho hakizibiki.

"Wengine wadogo wameshikana, mmoja nyuma ya mwingine, mnyororo mrefu, wanakwenda pamoja kama ngoma. Mwingine ana taa za rangi zote zinamkimbia mbavuni. Mwingine wa bluu anakuja na upepo. Huyo, Bwana Kefa anasema, si mmoja, ni kundi zima limejiunga. Wengine kazi yao kuelea, wengine kuwinda, wengine kula, wengine kuzaa, na shibe ni ya wote. Nilimwambia, Bwana, hao ni kijiji cha ujamaa."

"Wamejiunga?" Mama Ignas alipiga kelele. "Wana na katibu?"

Hapo darasa lilivunjika. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye gunia. Hata mimi nilicheka, nikageukia ubao ili wasinione, na mabega yakanisaliti. Damari peke yake hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akamalizia kwa sauti nyembamba:

"Bwana Kefa ametukataza kuwagusa kwa mikono mitupu. Lakini Jumanne sikujizuia. Mmoja alinikumbatia mkono, nikalala siku mbili sijiwezi. Usijali. Hawana moyo wala akili. Ni wazuri tu kuwatazama. Wako Antipasi."

Alikunja barua mara nne. "Nimesoma vizuri, mwalimu?" akaniuliza.

"Vizuri sana," nikasema. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma.

Kijiji kizima kilipata habari kabla ugali wa mchana haujaiva. Watoto walikimbizana wakiimba kumi na mmoja, kumi na mmoja. Vijana wakawa wanalala chali njiani Damari akipita, miguu juu. Huko kwenye chumvi alionja maji mara moja tu, akasema imetosha, na chumvi ya wiki ile ilitoka chungu. Mbuzi wa jirani walikula kwa amani. Baba yake, mzee Lazaro, mtu wa maneno machache, alimwambia neno moja: kama humtaki, sema, nitarudisha habari kwao, kama unamtaka, sema vilevile. Damari akasema hamtaki.

Nilimwona machoni kwamba anamtaka. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilimpa karatasi, maana mimi nikishakasirika kwa ajili ya mtu huwa nakasirika kuliko mwenyewe. Damari akakaa ghalani asubuhi nzima akaandika barua ya kwanza kwa mkono wake. Nainakili hapa kama ilivyokuwa, isipokuwa herufi moja niliyomsahihisha:

"Antipasi. Nimesoma mwenyewe. Oa konyeza wako wote kumi na mmoja. Usimsahau anayelala chali. Usirudi kwetu. Mimi, Damari binti Lazaro."

Nilimpa alama kumi juu ya kumi. Tukaipeleka stesheni.

Baada ya wiki tatu treni ya kutoka pwani ilisimama Kintinku saa tano asubuhi, na Antipasi akashuka. Wauza karanga walimwona wa kwanza, na mpaka anafika kwa mzee Lazaro alikuwa na watu arobaini nyuma yake. Alikuwa amekonda. Kwapani alibana sanduku la mbao, na kila mkono ulikuwa na chupa kubwa ya mdomo mpana, iliyofungwa kwa kitambaa na kamba. Alitembea kwa hatua ndogondogo, kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uliambiwa usirudi."

"Niliambiwa, baba. Lakini niliambiwa pia nioe konyeza." Sauti yake ilipanda. "Nitawaoaje, baba? Hawana hata mifupa!"

Niliitwa kama mwalimu wa aliyeisoma barua. Damari alikaa kwenye mlango wa nyumba, mgongo nusu umegeuzwa. Mama Ignas alikuja na kigoda chake.

Antipasi akaanza kueleza. Konyeza ni mnyama wa baharini, akasema. Hana mfupa, hana damu, hana kichwa. Ni maji yaliyoshikana, yanateleza. Ni mlenda wenye uhai.

"Hakuna neno kama hilo," nikasema. "Konyeza ni kitenzi!"

"Mwalimu, kule kila mvuvi anawaita hivyo."

"Na wewe ulilijua neno hilo ulipoondoka hapa?"

Akasita. "Hapana. Siku ya kwanza walinicheka sana. Waliponiambia nijihadhari na konyeza, nikasema mimi nina mchumba." Akajipiga paji la uso. "Halafu nikazoea, nikasahau kama ninyi hamjui. Lakini subirini, nimekuja nao!"

Alifungua kitambaa cha chupa ya kwanza mbele ya mzee. Harufu ikatoka ikatusukuma wote hatua mbili. Mzee Lazaro akaziba pua, akachungulia. Mle ndani mlikuwa na maji. Antipasi akafungua chupa ya pili haraka. Maji.

"Walikuwa watatu humu," akasema. "Walikuwa wanacheza! Mpaka Morogoro walikuwa wanacheza!" Akatazama chupa, akatutazama sisi. "Maji yalikuwa yamepungua. Treni ilikuwa na joto. Nikaona wanyama wana kiu, nikawaongezea maji ya bomba."

Kule kwetu mnyama akilegea unampa maji. Ng'ombe, mbuzi, punda, hakuna mchungaji ambaye asingefanya vile. Antipasi alikulia nyuma ya ng'ombe, na kwa huruma yake alikuwa amewanywesha konyeza wa baharini maji matamu mpaka wakayeyuka wote. Sasa nacheka, lakini siku ile nilimwona akizifunga tena zile chupa kwa kitambaa.

"Yaani," akasema mzee Lazaro taratibu, "umepanda treni usiku na mchana kuniletea maji yaliyooza."

Watu waliangua kicheko. Mama Ignas alimshika Antipasi mkono akauinua juu. Toka kiwiko mpaka kiganjani palikuwa na alama nyekundu, mistari mistari, yenye vidotovidoto.

"Kucha," akatangaza.

"Si kucha, mama! Ni mikia yake!"

"Loo! Sasa wana na mikia!"

Damari alisimama. Nilidhani anaingia ndani, na kama angeingia, mambo yangekuwa yamekwisha. Antipasi naye aliona hivyo. Akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua sanduku la mbao, akatoa khanga mpya iliyokunjwa.

"Hii ni yako," akamwambia. "Nilimfungia humu yule mkubwa, mwenye pete nne, kwa sababu hakuenea kwenye chupa. Niliilowesha vizuri." Akaikunjua. Ndani hamkuwa na mnyama. Palikuwa na ngozi nyembamba kama ukoko wa uji, imegandamana na kitambaa, duara la ukubwa wa sahani, na katikati ya duara kulikuwa na pete nne za rangi ya zambarau hafifu.

Damari alifungua fundo la nguo yake kiunoni. Akatoa barua. Ile ile, imekunjwa mara nne. Nikamsogelea, kwa sababu mwanamke asiyemtaka mtu hatembei na barua yake kiunoni wiki zote zile. Akatafuta mstari kwa kidole. "Mweupe," akasoma. "Mviringo. Ana pete nne." Akazihesabu kwenye khanga. Moja, mbili, tatu, nne.

"Mtu yeyote anaweza kuchora pete," akasema baba yake.

Ilikuwa kweli. Antipasi alibaki amepiga magoti na ile khanga mikononi, hana konyeza, hana shahidi, na jasho linamtiririka.

Basi Damari akafanya jambo analolijua kuliko watu wote wa mbuga ile. Aliinua khanga, akafumba macho, akagusa ile ngozi kwa ncha ya ulimi.

Watu wakasogea karibu. Tulimfahamu akionja.

"Chumvi," akasema. Akaonja tena. "Si ya Bahi. Si ya mbuga yetu. Si ya dukani." Akalamba vizuri, ulimi mzima, uso umekunjamana kwa kufikiri. "Chumvi hii siijui. Ina kitu ndani yake. Ina..."

Akafungua macho, makubwa.

"Inauma! Yesu wangu, inauma! Inanichoma!"

Na Antipasi akaruka juu. Sijapata kumwona mtu akifurahi vile mchumba wake akilia. "Amekuchoma!" alipiga kelele, akizunguka uani mikono juu. "Amekuchoma! Ni yeye! Ni yeye mwenyewe! Baba, umeona? Akikauka ukamlowesha anachoma tena, Bwana Kefa alisema! Huyu mkononi hachomi sana, lakini ulimi si mkono! Amekuchoma, asante Mungu!" Damari anaruka huku akipepea ulimi kwa kiganja, Antipasi anaruka kule kwa furaha, watoto wakaanza kuruka na wao bila kujua kwa nini, na kuku wa mzee Lazaro wakatimka wote wakapanda juu ya paa.

Mama Ignas alichukua ile khanga, akagusa ngozi kwa ulimi wake, kidogo sana. Akarudi kwenye kigoda akakaa. "Mnyama," akasema, na hakusema lingine siku ile.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwamba kosa ni langu, neno lile sikulijua na nilijifanya nalijua. Nilisema kwa sauti, ingawa nilikuwa nimekasirika, kwa sababu huwa nakasirika nikikosea. Mzee Lazaro alinipungia mkono tu kama anayefukuza inzi. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Sasa," akasema. "Uliniambia humtaki, kwa sababu ya hao. Na hao ni mlenda. Mimi sitamjibia mtu mzima. Sema mwenyewe mbele ya watu, nisikie. Unamtaka au humtaki?"

Damari akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umevimba, umejaa mdomo mzima kama andazi.

"Nnha," akasema.

"Sijasikia."

"Nnhaha."

"Hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Damari akanigeukia, mimi mwalimu wake, kana kwamba nina neno la kumwazima. Antipasi alikuwa ameacha kuruka. Alisimama katikati ya uani, mikono imening'inia, uso mweupe kwa vumbi, anasubiri, na furaha yote imemtoka.

Kwetu binti hamtazami mchumba wake usoni mbele ya baba yake. Anatazama chini, anachora udongo kwa kidole cha mguu. Damari hakutazama chini. Alimtazama Antipasi moja kwa moja, mbele ya baba yake, mbele ya Mama Ignas na kisomo chote, ulimi umemtoka nje kidogo, machozi ya maumivu mashavuni. Akafumba jicho la kushoto, polepole, kama nilivyowafundisha ubaoni. Kisha akalifungua.

Kutoka tumboni mwake kikaanza kupanda kile kicheko, na mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Wa kumi na mbili," akasema Antipasi.